Mashine Imenichagulia Baba Mkwe

Ngqeleni,
Jumapili mchana

Dada yangu mpendwa Noluvo,

Kabla hata ya salamu, mwanangu Hlumelo ametoka kuitumbukiza simu yangu kwenye bakuli la maziwa ya mgando, na sijui nimchape au nimshukuru, maana balaa lote nitakalokueleza limetokea humo. Sisi wazima. Mguu wako unaendeleaje, na shemeji hajambo?

Unajua narudia mtihani wa matriki, ule wa kumaliza sekondari, maana bila hesabu chuo cha uuguzi hakinipokei. Kituo chetu cha masomo sasa kinatumia akili mnemba kumtafutia kila mwanafunzi mwalimu wa kuelewana naye. Unaulizwa unakaa wapi, mtoto analala saa ngapi, unapenda mwalimu wa namna gani. Nikajibu kwa moyo mweupe: mpole, wa karibu, anayefafanua kwa Kixhosa. Dada, ikaniletea baba mkwe. Mwalimu mstaafu, kumbe naye kajiandikisha. Mimi ambaye kwa mila zetu hata jina lake silitamki, wala siketi mbele yake!

Nikabadilisha majibu. Nikasema nataka mkali, wa mbali, wa Kiingereza. Ikamleta yeye tena. Binti wa kituoni akanijibu kwamba hakuna mahali pa kuieleza mashine kuwa mtu ni mkweo. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu," akasema, "hiyo mashine haijawahi kuolewa."

Basi tukajipanga. Mimi jikoni, Baba mkwe nje chini ya dirisha, kanipa mgongo, Hlumelo mlangoni. Baba anamfundisha mtoto: Hlumelo, mwambie mama yako namba ikivuka alama ya sawasawa inageuka, kujumlisha kunakuwa kutoa. Nami namjibu mtoto. Mtoto mwenyewe anakula mchanga. Inachosha mno, dada, lakini kwa mara ya kwanza hesabu zinaniingia.

Sasa hili usimwambie mama. Juzi Baba alikosea. Nilingoja ajisahihishe, wapi. Nikachungulia dirishani, kichwa wazi bila kitambaa, maneno yakanitoka: "Hapana, Baba, hapo ni kutoa." Tukatazamana. Akainuka, akaenda zizini. Jana hakuja dirishani. Mtihani ni wiki ijayo, na mwingine wa kunifundisha sina.

Msalimie shemeji na watoto, na ukisali nitaje mimi mdogo wako Zukiswa, maana nime—

Mama mkwe ananiita. Anasema Hlumelo abaki naye, Baba ameshaketi chini ya dirisha, ananitaka mimi mwenyewe, tena nije na ile hesabu ya juzi, kwa sababu ameirudia usiku kucha na kweli hapo ni kutoa.