Bonde Lisilo na Magari

Bro Mutiso, natumai wewe na mama mko ngangari.

Ijumaa, mudiri, bosi ninayemwendeshea gari hapa Doha, alipakia baiskeli mbili juu ya gari, tukaenda hadi bonde moja nje ya mji.

"Yalla, tuendeshe! Hapa hakuna magari."

"Mudiri, si tumekuja na moja?"

Akacheka. Bonde lenyewe ni mto usio na maji, njia ya changarawe na miti michache ya miiba. Kila mti mudiri anasimama, anaugusa, "Mashallah." Nikakumbuka njia yetu ya mtoni, vile miti imeifunika hadi jua hupiga hodi ndio liingie.

Bro, ile miti nilisema ukate ndio nikirudi gari langu lipite, tafadhali usiiguse. Gari litalala kwa lami, nitashuka na baiskeli.

Mpe mama mkono wangu, mwambie nimenenepa.