Mafuta ya Chipsi Kwenye Kihori cha Nyota

Jumatatu, 3 Machi

Majani ya nepia yamekatwa. Pumba, kikombe kimoja cha mafuta ya alizeti, nikakoroga. Ng'ombe wetu Nyota amekula yote, akalala, akaanza kucheua. Napenda sauti hiyo.

Mjomba Opiyo alinikabidhi Nyota nilipomaliza Fomu Foo. Wazo la alizeti ni langu. Tumbo kubwa la ng'ombe limejaa vijidudu. Vingine humeng'enya nyasi, vingine hutengeneza methani, gesi ambayo ng'ombe huibeua na inaongeza joto duniani. Mafuta kidogo hupunguza gesi. Yakizidi, vile vya nyasi navyo hufa. Daktari wa mifugo alikubali: kikombe kimoja, basi.

Jana usiku nilimweleza Beryl, binti ya mjomba. Tunalala kitanda kimoja. Alicheka. "Kwa hivyo Akinyi wangu anapikia wadudu?" Lakini alisikiliza mpaka mwisho. Ni yeye tu ninayeweza kuzungumza naye hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Askari wa kaunti walipita kwenye kibanda cha chipsi cha Beryl hapo langoni. Wamemkataza kumwaga mafuta ya chipsi yaliyochoka mtaroni. Amenuna kutwa. Nimemsaidia kumenya viazi.

Ijumaa, 7 Machi

Nyota amebakiza nepia. Anacheua kidogo sana. Maziwa yamepungua. Naogopa. Nimeacha kutia alizeti.

Jumamosi, 8 Machi

Siku mbaya.

Nyota hacheui kabisa. Kinyesi chepesi, kinang'aa. Daktari alikuja, akakitazama, akakinusa. Akasema ni mafuta mengi, vijidudu vya nyasi vimekufa. Mjomba akauliza nani hutia mafuta hapa. Wote wakanigeukia. Beryl pia.

Nilitaka kusema ni kikombe kimoja tu, na nimeacha tangu jana. Sauti haikutoka. Hunitokea hivyo watu wakinitazama.

"Nilikupa ng'ombe, sikukupa maabara," mjomba alisema. "Vua gambuti. Beryl atamwangalia."

Nimevuka uwanja nikiwa na soksi tu. Beryl alikuwa anaangalia simu.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nilikwenda kuosha kihori, kwa sababu kuosha sikukatazwa. Chini kulikuwa na utando mweusi, na ndani yake vipande vya viazi vilivyoungua. Harufu ya kibanda cha Beryl.

Nilikaa kwenye saruji. Sikulia. Nilihisi baridi tu.

Beryl aliporudi kanisani nilimwonyesha. Hakukana.

"Sasa ningemwaga wapi? Si wewe ulisema mafuta ni mazuri?"

Nilisema yakizidi yanaua. Nilimwambia hayo usiku ule, akiwa amelala kando yangu.

Kisha akanishika mkono. "Usimwambie baba, tafadhali. Wewe ameshakukasirikia. Hakuna kitakachobadilika."

Asubuhi alikuwa ameimba kwaya akiwa amevaa sketi niliyompigia pasi mimi. Ningeweza kumsamehe yale mafuta. Hakujua, au alisahau. Lakini jana alijua, na akanitazama pamoja na wengine.

Namchukia. Nimeandika na sifuti.

Jumatatu, 10 Machi

Nilirudia maneno nikiwa bafuni. Nilipofika mbele ya mjomba yakapotea yote. Basi nikafungua kiganja. Nilikuwa nimeubeba ule utando. Akainama, akanusa. Akachukua kipande cha kiazi, akakigeuza kwa kucha.

Akaangalia langoni, kibandani.

"Nenda ndani, mama," akaniambia. Alikuwa hajaniita hivyo tangu nilipokuja kuishi kwake.

Niliwasikia kupitia ukutani. Beryl alilia. Sikufurahi. Nilidhani nitafurahi.

Jumanne, 11 Machi

Daktari amemnywesha Nyota majimaji kutoka tumbo la ng'ombe wa jirani. Vijidudu vya kuazima. Nyasi kavu tu, hakuna mafuta ya aina yoyote. Beryl analala sebuleni. Kitanda kimekuwa kikubwa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekuta mjomba ameniachia gambuti mlangoni, zimeoshwa. Zimelegea kidogo kwenye vidole. Miguu ya Beryl ni mikubwa kuliko yangu.

Nyota alikula nyasi polepole. Akalala. Nikangoja. Kitu kikapanda shingoni mwake, taya likaanza kwenda upande, na upande tena.

Anacheua. Niligeuka kwenda kumwambia Beryl, nikafika karibu na lango.

Nikarudi, nikafagia banda.