Baba Mkwe Amegawa Mbegu Ambayo Bado Siiamini

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kabla maji ya mfereji hayajafunguliwa, maana yakifunguliwa watu watamwaga mbegu vitaluni na mimi sitakuwa na la kusema tena.

Mimi ni mtafiti wa mpunga, nimeolewa, na kazi yangu ni kuchanganisha mpunga huu na ule, asubuhi kabla maua hayajafunguka nachomoa sehemu za kiume kwa kibano, nafunika suke kwa mfuko wa karatasi, kisha naleta chavua ya mpunga mwingine, halafu nangoja misimu nione mtoto kafanana na nani. Tunatafuta mpunga wenye madini mengi ya zinki, yale yanayomsaidia mtoto kukua na kupambana na maradhi, lakini uwe unazaa vizuri kila mwaka, kwa sababu hakuna atakayelima lishe huku ghala lake tupu. Tukapata mmoja wenye zinki nyingi kuliko yote tuliyopima, kwenye kituo chetu cha utafiti tukauita Bibi Harusi kwa jinsi kila mgeni alivyotaka kuuona.

Niliruhusiwa kuja na mfuko mdogo nyumbani tuupike tuonje ladha, na mume wangu, bila kuniuliza, akachota nusu akampelekea baba yake. Mzee akaupanda kwenye jaruba lililo jirani na mfereji, ukazaa vizuri, akauhifadhi wote uwe mbegu. Ana mjukuu, mtoto wa wifi yangu, anayeharisha mara kwa mara, na mhudumu wa zahanati aliwahi kumpa vidonge vya zinki, basi mzee akatamba, "Kumbe dawa yenyewe anaitengeneza mkwe wangu!" Akawagawia majirani, nao wametupa mbegu yao ya zamani pembeni.

Sasa sikia balaa. Msimu huu kituoni tuliucheleweshea maji makusudi wakati wa kutoa maua, pamoja na mpunga wa kawaida. Ule wa kawaida uliinamisha vichwa kwa uzito, Bibi Harusi akasimama wima, nikabinya masuke moja moja, makapi matupu.

Nikaenda kwa baba mkwe nimwambie. Nikakuta amewaita majirani uani, akanishika mkono akanisimamisha mbele yao niseme neno. Mshauri, nikasema, "Ni mbegu nzuri," nikakaa. Mume wangu nimemweleza, naye kasema kwa sauti ya chini, "Ukisema sasa, umemvua baba nguo hadharani. Mvua zitakuja, nyamaza." Mkuu wangu wa kazi hajui kama mbegu imetoka. Nikisema, ndoa na kazi vyote vinaota mbawa. Nikinyamaza na maji yakachelewa, watu watalala njaa kwa jina langu. Nifanye nini?

Mkwe mwenye hofu

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu, marahaba, na pole. Barua yako isingeweza kungoja gazeti, nilikujibu siku ileile, na haya ndiyo niliyokwambia.

Mbegu hukuigawa wewe, hilo nimelielewa. Lakini uani pale ulisimama, ukaulizwa, ukaficha. Unaogopa mzee kuvuliwa nguo? Atavuliwa vibaya zaidi siku majirani watakapokusanyika uani kwake na mifuko mitupu. Mumeo anayeombea mvua ndiye aliyechota mbegu, kwa hiyo asikufundishe kunyamaza.

Nenda leo. Usianze na majirani, anza na mzee, ndani, mkiwa wawili. Mpelekee suke lile alibinye kwa kucha zake. Mwambie mashamba makubwa yapandwe mbegu ya zamani, na Bibi Harusi abaki kwenye kona ya mfereji tu, ambako maji yakishafunguliwa hayakatiki. Mtoto wa wifi arudishwe zahanati. Wali ni chakula, haujawa kidonge. Kisha mweleze mkuu wako kwa mdomo wako mwenyewe kabla hajasimuliwa na mtu.

Wasomaji, alikwenda. Ameniruhusu niwaambie kilichotokea.

Mzee alibinya suke lote mpaka mwisho, akapangusa vidole kwenye shuka. Akamuuliza, "Siku ile nilipokusimamisha, ulikuwa unajua?" Akajibu, "Nilijua, baba." Mzee akachukua fimbo yake akatoka, akapita mlango kwa mlango peke yake, hakutaka kusindikizwa. Karibu wote wamerudia mbegu ya zamani. Jirani mmoja alikataa, akasema wanataka kumnyang'anya kizuri, ameimwaga hiyo mpya shamba zima. Kazini binti amepewa onyo, hakufukuzwa. Mumewe alinuna, kisha akaenda mwenyewe kumwambia baba yake kwamba yeye ndiye aliyechota mbegu. Lakini baba mkwe hamsemeshi binti huyu mpaka leo, naye binti ananiuliza aombe radhi vipi tena.

Umeshaomba, binti yangu, inatosha. Mwache anune. Heri mzee aliyenuna na ghala limejaa kuliko mzee anayekuchekea huku wajukuu wanalia njaa. Kwa yule jirani mkaidi, nenda kila wiki ukatazame maji yake, hata akikufukuza. Halafu rudi kituoni, shika kibano chako, umtafutie Bibi Harusi mume anayestahimili kiu.