Betri Haijambo

Nguvumali, Jumapili, Mei 1956

Mvua imeanza watu wakiwa njiani kwenda kanisani, na hadi sasa haijachoka. Ua mzima ni tope. Bi Zena, mwenye nyumba wangu, ameingiza kuku wake barazani, nao wanatembea humo kama wao ndio wanaolipa kodi.

Leo nina mengi ya kuandika, nami si mtu wa maneno mengi.

Nianze na redio. Niliianza wiki ile mke wangu Marta aliporudi kwao Mlalo, kwa sababu chumba kilikuwa kimya mno, nikawa nawasikia hata mchwa wakila mlango. Sikuwa na redio ya dukani. Nilichukua ubao wa sanduku la chai, nikapigilia misumari, nikafunga taa nne za redio, zile za kioo, nilizozitoa kwenye mitambo iliyokufa pale dukani ninapofanya kazi. Waya zote nimeziunga kwa risasi mwenyewe. Mchoro nimeutoa kichwani. Haina sura, lakini ni yangu.

Ugonjwa wake ni mmoja. Ukiiwasha inazungumza vizuri, stesheni ya Dar es Salaam inasikika wazi. Habari hazijafika katikati, sauti inaanza kufifia kama ya mtu anayesinzia, kisha basi. Bi Zena huja na mkeka wake mlangoni kungojea kisomo cha Kurani, na redio ikishakata huniambia, "Fundi, redio yako ina pumu." Anakunja mkeka anakwenda zake, nami nabaki peke yangu tena.

Mita ilinionyesha kwamba umeme unaofika kwenye taa ni mdogo. Nikaanza kuutafuta unapopotelea. Nimebadilisha taa, nimeunga upya waya zote, nimesugua kutu, maana hewa hii ya Tanga haikiachi chuma kikae salama. Betri sikuishuku hata kidogo. Kila nilipokaa kufanya kazi niliipima kwanza, redio ikiwa imezimwa, nayo ilisoma volti tisini kamili, vile inavyotakiwa. Nikawa nailaumu mikono yangu.

Jana jioni alikuja Zakaria, kaka yake Marta, anayeleta kabichi na viazi mjini kwa lori kutoka milimani. Nilifurahi kumwona hata nikasahau kumpa kiti. Alisimama mlangoni huku akidondokwa na maji.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo."

"Nyumbani salama?"

"Salama."

"Kazi je?"

"Njema."

"Hakuna neno la kupeleka Mlalo?"

"Salamu tu. Wasalimie wote."

Akaenda zake Pongwe, kwa ndugu yake anakolaza lori. Mimi nikabaki nimeshika mlango.

Marta aliondoka kwa sababu hiyo hiyo. Tulimzika mtoto wetu, na kila aliponiuliza nina nini nilimjibu sina kitu, nikachukua kofia nikaenda kazini. Siku moja akaniambia hawezi kulia peke yake katika nyumba ya watu wawili. Hata siku hiyo nilichukua kofia.

Leo baada ya ibada nikaishika redio tena. Nikapima betri, tisini. Ila leo nilisahau kuondoa nyaya za mita, nikawasha redio hivyo hivyo. Mshale ukaanza kushuka mbele ya macho yangu. Themanini. Sitini. Ulipofika hamsini redio ikanyamaza. Nikazima. Betri ikapumzika kidogo, na mshale ukapanda ukarudi karibu pale pale ulipokuwa, bila haya.

Betri imechoka siku nyingi. Nilikuwa naijulia hali wakati haina mzigo, nayo ikinijibu haijambo.

Na mimi ndiye fundi. Mtu angeniletea redio hiyo dukani, ningeugundua ugonjwa wake kabla hajapata pa kukaa.

Nilicheka. Kisha kicheko kikanigeuka, nikalia, tena kwa sauti, mvua ikinisitiri. Naandika hapa kwa kuwa hakuna asomaye.

Nikachukua baiskeli.

Pongwe nilifika nimelowa chapachapa. Zakaria alikuwa anafunga turubai juu ya magunia ya chumvi na nazi za kurudi nazo. Tukasalimiana upya tangu mwanzo, hujambo, sijambo, salama, njema. Akamaliza fundo lake, akanitazama.

"Umekuja na baiskeli kwenye mvua hii kuniambia hujambo?"

Nilitaka kucheka nigeuze mazungumzo. Badala yake nikasema, "Shemeji, silali. Nguo za mtoto ziko chini ya kitanda na sijui nizipeleke wapi. Mwambie Marta nyumba imenishinda."

Alijifuta uso kwa mkono wa shati ambao nao ulikuwa umelowa. "Kamwambie mwenyewe," akasema. "Mbele kuna nafasi. Maana na yeye kila nikimuuliza ananiambia hajambo, nami nawasha lori naondoka."

Tunaondoka alfajiri. Bi Zena atapeleka habari dukani, na bwana wa duka atakasirika, akasirike. Bi Zena nimemwahidi betri mpya nikirudi. Hakuitaja pumu, alinipa mikate tu ya njiani. Nguo za mtoto nimezifunga kwenye kanga ya mama yake, nakwenda nazo.

Kesho Marta ataniuliza habari za safari, nitasema njema. Nami nitamuuliza hali, atasema hajambo. Tukifika hapo huwa nachukua kofia yangu. Kesho nitakaa chini, nimuulize tena.