Kichupa cha Watoto Kumi

Mugeta, Jumanne

Tena! Mara ya pili nimembeba Neema mgongoni mpaka zahanati kwa ajili ya sindano ya surua, na mara ya pili nimerudi naye hivyo hivyo.

Nesi alinionyesha kichupa. "Mama, hiki ni cha watoto kumi, na leo mko watatu. Nikikifungua, dawa inayobaki namwaga. Rudi wiki ijayo."

Na jua lote lile nililotembea je?

Mtoto wa jirani ana vipele na macho mekundu. Naogopa.

Nikamweleza mume wangu, akacheka. "Si wamesema wiki ijayo? Haraka ya nini?"

Mwanaume huyu huyu! Siku ya kuchanja ng'ombe huwa anaamkaga alfajiri, anapita boma kwa boma kukusanya mifugo ya wenzake, ili dawa ikifunguliwa isimwagwe. Hakuna ndama anayerudishwa bila sindano.

Nimemwambia leo, mbele ya mama yake: "Baba Neema, wiki ijayo utapita tena boma kwa boma. Safari hii kusanya watoto."

Hajacheka tena.