Pipa la togwa ya harusi

Ijumaa usiku

Bado linanuka kama samaki aliyeoza. Nilimwambia mama, akasema, "Kamwambie baba yako mdogo mwenyewe." Anajua siwezi.

Pipa lenyewe ni la bluu. Baba mdogo alilinunua kwa wauza vyuma chakavu, tutilie togwa ya harusi ya dada kesho. Lebo ina picha ya mkono unaoliwa na kemikali. Imeandikwa kwamba lilikuwa na kemikali iitwayo amini, inaunguza ngozi na koo, na pipa lisiwekwe chakula. Nilipomsomea alicheka.

"Msomi wetu! Nimelisugua kwa sabuni na majivu. Au na wewe utaolewa na vitabu?"

Wajomba wote wakacheka.

Jioni nikalitoboa chini kwa msumari. Nilidhani yamekwisha. Baba mdogo akaona tundu, akawatukana waliomuuzia, kisha akayeyusha kandambili na kuliziba.

Togwa imeshamiminwa. Watoto ndio hupewa kwanza.

Asubuhi itabidi niseme mbele ya wazee kwamba nilitoboa mimi, na kwa nini. Nimejaribu chini ya shuka. Nafika "Shikamoo, baba mdogo," halafu sauti inakwisha.