Pampu Yetu na Yule Mbunge wa Dublin

Kijiji cha Kwamdoe,
Njia ya Mkange,
S.L.P. Bagamoyo.
14 Desemba, 1975.

Mpendwa mwanangu Evarista,

Najua adabu ya barua ni salamu kwanza, habari baadaye. Lakini bahati ya baba yako mdogo haina adabu, imetangulia yenyewe. Kaa kitako. Pampu yetu imerudi! Na aliyeirudisha ni mimi, Gaspari, kwa swali moja tu nililomuuliza afisa wa maji mbele ya kijiji kizima, kama yule mbunge wako wa Dublin. Maji ya kwanza nimepewa mimi, kwenye kopo jipya. Yalikuwa baridi hata jino langu bovu likaomba radhi.

Haya, sasa salamu. Hujambo, mwanangu? Marahaba, maana najua ushaniamkia hukohuko. Masomo ya uuguzi yanakwendaje? Baridi umeizoea? Ulisema maziwa mnayaweka nje ya dirisha yasiharibike. Nimewaeleza watu, wakasema nimetia chumvi. Ajabu, mara hii chumvi haikuwa yangu.

Sisi huku tu wazima kwa jumla. Mvua za vuli zimenyesha kwa ubahili, ila muhogo umeshika. Mama yako hajambo, isipokuwa goti la kushoto bado linamsumbua, hasa anapopanda kutoka bondeni na ndoo kichwani.

Barua yako ya Septemba niliisoma barazani kwa Msabaha, balozi wetu wa nyumba kumi. Niliisoma mara tatu, kwa sauti, na darasa langu la nne hilihili. Waliipenda ile habari ya Sista, mwalimu wenu wa uuguzi, kukupeleka bungeni ukakaa roshani juu, ukamwona mbunge wa upinzani amesimama na karatasi zake, anamuuliza waziri hospitali ya kijijini kwao waliyoahidiwa iko wapi. Waziri akajibu maneno mengi. Yule bwana akasema, hujanijibu, akauliza upya. Waziri akafuta jasho katika nchi ya baridi! Halafu ukawaona wawili hao ukumbini wanawashiana sigara.

Kisha Msabaha akauliza, "Na huyo bwana, kesho yake alikuwa wapi?"

Nikarudi kwenye barua. Umeandika: kesho yake alikuwa palepale, anauliza tena.

"Basi wale wana bunge la watani," akasema Msabaha. Tukacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Mdomo wangu unaujua. Nikawaambia, mimi niliyepika melini hadi Beira na Bombei, niliyewapakulia manahodha wa Kigiriki, nitashindwa na afisa mmoja wa maji? Aje tu, nitamuuliza. Mama yako alikuwa uani anapepeta mchele, akapaza sauti: "We Gaspari, huo mdomo ungekuwa jembe, tungekwisha kulima mpaka Lugoba!" Nikamjibu, "Na wewe shemeji, ulimi wako ungekuwa mvua, tusingehitaji pampu." Ndivyo tulivyo tangu kaka yangu, baba yako, Mungu amrehemu, alipomleta nyumbani. Utani wetu wa shemeji ni mkali kuliko pilipili kichaa, na haujapumzika hata siku moja ya msiba.

Pampu yenyewe ni ile ya mkono, tuliyopewa tulipohamishiwa kijiji hiki kipya. Walikuja kuing'oa Jumatano ya Majivu, mwezi wa Februari, wakasema inakwenda kutengenezwa Chalinze. Tangu hapo kisima kimefunikwa ubao, na wanawake wakashuka bondeni kwenye dimbwi wanalokunywa nyati. Watoto wakaanza kuharisha. Kwa hiyo swali lilikuwepo, tena fupi. Lilikosa mtu tu.

Afisa alikuja mwisho wa Novemba, kwa Landrova. Tukaimba, tukapiga makofi. Akazungumza juu ya vyoo, akazungumza juu ya kilimo cha kufa na kupona. Mwisho akasema, "Mwenye swali?" Msabaha akanitazama. Safu ya mbele yote ikageuka kunitazama. Nadhani hata mbuzi alinitazama.

Mwanangu, hapa kalamu imekuwa nzito. Nimekwenda kuchemsha chai, nimekunywa, nimerudi, na bado nzito. Niandike tu. Mimi wakati huo nilikuwa nimeinama, nafunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe unakijua. Hakina kamba.

Aliyesimama ni mama yako. Alishika goti lake, akasimama, akasema, "Ndugu afisa, pampu yetu mliichukua Jumatano ya Majivu. Sasa tunaingia Majilio, tunangoja Krismasi. Iko wapi?" Maneno hayo tu. Afisa akasema mambo ya vipuri, na bandari, na mipango. Mama yako akamngoja amalize, akasema, "Hayo nimeyasikia. Nimeuliza pampu iko wapi."

Evarista, laiti ungekuwepo kwenye roshani yako.

Afisa hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alitoa kalamu, akafungua daftari, akauliza kwa upole, "Nani amekutuma kuuliza hilo, mama?"

Basi hapo ndipo niliposimama. Nilisimama haraka, kiatu kikabaki chini. Nikasema, "Ndugu afisa, usimsikilize huyo, ni shemeji yangu, mtani! Hata jogoo akichelewa kuwika, huyu humwita barazani amhoji!" Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa woga, lakini kicheko ni kicheko. Afisa naye akacheka, akasema, "Nyinyi watu wa pwani kwa utani!" Akafunga daftari, akaingia kwenye Landrova, vumbi likamfuata.

Na utani una sheria yake. Jambo likishaitwa utani, halijibiwi. Hata mama yako angesimama tena mara kumi, wangecheka mara kumi. Sheria hiyo naijua kuliko mtu yeyote hapa kijijini, na ndiyo niliyomfungia mdomo.

Alikuwa bado amesimama. Akaketi polepole, akinitazama mimi, si Landrova.

Wiki nzima nilijiambia kwamba nilimwokoa. Niliwaambia na wengine, wakatikisa vichwa, wakasema ndiyo, ulimwokoa. Lakini mama yako hakuomba kuokolewa. Na ukweli, mwanangu, ni kwamba lile swali la nani amekutuma lilinichoma mimi. Niliogopa atataja barua yako. Na barua niliisoma mimi, mara tatu, kwa sauti. Ndiyo niliyokuwa naiokoa, hii ngozi yangu.

Tangu siku ile mama yako hanitanii. Napita uani kwake nikijitia kukohoa, nangoja tusi, wapi. Ananiletea kiti. Ananikaribisha chakula kwa heshima. Juzi nilimpelekea madebe mawili ya maji kwa baiskeli yangu, wanaume wakinicheka njia nzima. Nilimwomba Mungu mama yako anitukane, aseme hata baiskeli imenikataa. Akayapokea, akayafunika, akasema, "Ahsante, Ndugu Gaspari." Ndugu! Kama anavyoitwa yule afisa. Nimetukanwa bandari zote kuanzia Mombasa hadi Bombei, hakuna tusi lililonikaa hivi.

Utaona pia barua hii haina ile sehemu ya mama yako ambayo huwa ananitajia nami naandika. Nilipomfuata na kalamu alisema, "Safari hii nitamwandikia mwenyewe." Kisomo cha watu wazima kimemfikisha huko, na Mwalimu Yosefu anasema mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Niliposikia hivyo nikakimbilia posta Bagamoyo kununua karatasi hii ya barua ya ndege, niwahi kabla yake. Ndiyo maana nilianza vile nilivyoanza. Karatasi ni hii moja, posta ni mbali, ule mwanzo siwezi kuuchana.

Barua ya mama yako ikifika, isome yake kwanza kila mara, yangu baadaye. Na ukimwandikia, usinitetee.

Msabaha anakusalimu. Shangazi yako Biubwa anakusalimu, anauliza kama huko kuna nazi. Mwalimu Yosefu na mkewe Sada wanakusalimu. Wewe nisalimie Sista, na ukirudi tena kule bungeni ukamwona yule bwana na karatasi zake, huna haja ya kumwambia lolote juu yangu. Mpe salamu za mama yako.

Mungu akufunike katika baridi hiyo kama alivyotufunika sisi uchi wetu huku, akulinde mikono yako ya kuuguzia, akurudishe kwa mama yako ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye hata ninapokudanganya,
Baba yako mdogo,
Gaspari.

Ile mistari ya kwanza ifute. Pampu haijarudi. Sikuuliza swali, wala sikunywa maji yoyote kwenye kopo jipya. Mama yako bado anashuka bondeni.